Njia nne, barabara ya viazi, lami ya mtaani au mtaro: Mbeya isukume ipi kwanza?

Siku baraza la madiwani linapofika kwenye ajenda ya barabara, ukumbi hubadilika. Waliokuwa kimya tangu asubuhi wanainua mikono. Mmoja ana mtaro uliojaa, mwingine ana mteremko unaoua, wa pembezoni ana vumbi na kalavati lililozolewa, wa katikati ya mji ana foleni ya malori. Kila mmoja ametumwa na watu na kila mmoja ana haki. Ila muhtasari unaopanda kwenda mkoani hubeba mambo mawili matatu tu yenye uzito.

Nimeandika haya kwa ajili ya aliyekwama hapo: diwani, mwenyekiti wa mtaa, mjumbe wa kamati ya maendeleo ya kata, au mwananchi anayejiandaa kusimama kwenye mkutano wa hadhara akiwa na dakika mbili za kusema. Nimechukua Mbeya kwa sababu ndiko ninakoishi, na kwa sababu jiji hili limebanwa kotekote: barabara ya kimataifa inapita tumboni mwake, milima imelizunguka, na chakula chake kinashuka kutoka wilaya za jirani. Wa Iringa, Morogoro au Songea atabadilisha majina ya kata tu.

Kwanza, barabara ni ya nani?

Wengi, hata madiwani wapya, hudhani halmashauri ndiyo yenye barabara zote zilizo ndani ya jiji. Sivyo. Barabara kuu na barabara za mkoa zipo chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania, tangu mwaka 2000. Barabara za wilaya, yaani za mkusanyo, za mlisho na za jamii, zilitoka mikononi mwa halmashauri mwaka 2017 zikakabidhiwa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Kwa hiyo barabara unayoshukia daladala na ile unayoingilia nyumbani zinaweza kuwa na wahandisi tofauti na bajeti tofauti, ingawa zinakutana kwenye kona moja.

Fedha nazo zina njia zake. Mfuko wa Barabara unatokana na tozo ya mafuta, na sheria inataka angalau asilimia 90 yake iende kwenye matengenezo. Ujenzi mpya usizidi asilimia 10. Kwa miaka mingi mgao umekuwa asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa TARURA, jambo ambalo wabunge wamelilalamikia sana. Mwaka 2021 iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Lami mpya ya maana hutoka kwenye bajeti ya maendeleo ya Serikali Kuu au kwenye mikopo. Mradi wa TACTICS, kwa mfano, ni mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 410 kwa miji 45, na Mbeya imo.

Baraza limebaki na nini basi? Lina sauti kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa, kikao kinachoongozwa na Mkuu wa Mkoa, ambamo wabunge na Meya nao hukaa. Lina mapato ya ndani, ambayo kwa barabara ni kidogo. Na lina vitu viwili vinavyosahaulika: mipango miji na sheria ndogo. Nani anajenga wapi, nani anatupa taka kwenye mtaro, hayo ni ya Jiji, na yanaamua barabara itaishi miaka mingapi kuliko hotuba nyingi za bungeni.

Maswali matano ya kupimia

Chaguo zote nne nimezipitisha kwenye maswali yaleyale. Fedha inatoka mfuko upi, na Jiji lina nguvu gani juu yake? Nani anapita hapo, na amebeba nini? Usalama unaongezeka au hatari inahama tu? Barabara ikizeeka itamgharimu nani? Na ikijengwa, nani anaumia? Swali la mwisho mara nyingi huachwa nje ya ukumbi, halafu linarudi na hati ya mahakama.

Chaguo la kwanza: njia kuu, yaani njia nne na mchepuo

*Mfuko.* Ni TANROADS na Serikali Kuu moja kwa moja. Upanuzi wa TANZAM, ile barabara kuu ya kwenda Zambia, ndani ya jiji, kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi kwa njia nne, haukutoka kwenye makusanyo ya Jiji na usingeweza kutoka huko. Jiji linatoa msukumo, na linalinda hifadhi ya barabara, yaani ardhi ya kandokando iliyotengwa kwa ajili yake, isivamiwe. Wazo la mchepuo wa kuyatoa malori Uyole na kuyapitisha pembeni ya mji hadi Songwe ni mzigo mwingine mkubwa wa Hazina.

*Wanaopita.* Simama Mafiat saa kumi na mbili jioni. Lori la shaba kutoka Zambia limesimama, nyuma yake lori la mafuta linaloelekea Tunduma, kati yao Hiace ya Uyole imejipenyeza, na pembeni bajaji nne zinapita kwenye bega la barabara zikiwagusa viwiko akina mama wenye ndoo za parachichi. Mwenye haraka ya kimataifa na mwenye haraka ya chakula cha jioni wanagombea upana uleule wa lami uliochorwa zaidi ya miaka 50 iliyopita, magari yakiwa machache. Mzigo wa Malawi nao unafuata TANZAM hiyohiyo kabla ya kukata Uyole kwenda mpakani Kasumulu.

*Usalama.* Njia nne zinapunguza ajali za kulipita lori kwa kubahatisha. Mteremko wa Iwambi unaoshukia Mbalizi umezika watu wengi kwa malori yaliyokatika breki, na hapo upana peke yake hautoshi. Panahitaji njia za dharura za kuyapokea malori na ukaguzi wa magari kabla ya kushuka. Tena upana una gharama yake: mtoto wa shule aliyekuwa akivuka njia mbili sasa anavuka nne. Diwani anayeomba njia nne aombe katika pumzi hiyohiyo vivuko, taa na njia za waenda kwa miguu, maana bajeti ikibana hivyo ndivyo vinavyokatwa kwanza.

*Uzee wake.* Wahandisi wanayo kanuni yao: uzito kwenye ekseli ukiongezeka mara mbili, madhara kwa lami hukaribia mara 16. Ndiyo sababu ya mizani, na ya sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 iliyoanza kutumika kwetu Machi 2019, inayoweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima. Barabara hii ina mwenyewe mwenye uwezo wa kuitengeneza. Kwa upande huo Jiji linaweza kulala.

*Wanaoumia.* Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. Wakazi wa kandokando wanazijua X mbili zinazochorwa kwenye kuta za nyumba: nyekundu, aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani na hana fidia, ya kijani, aliyefuatwa na sheria mpya na anastahili kulipwa. Tofauti ya rangi hiyo ni tofauti ya nyumba na kutokuwa na nyumba, na nimeona familia zikiishi na X ukutani miaka mingi, hazijui zipake rangi au zihame. Mchepuo una waumiwa wake pia: mama lishe na wenye gereji wanaoishi kwa malori watayaona yakihama. Na kama Jiji halitazuia viwanja kuota kando yake, mchepuo wenyewe utageuka mtaa baada ya miaka michache.

*Inamfaa* diwani ambaye kata yake imekatwa katikati na TANZAM, na mfanyabiashara anayepoteza saa kati ya Uyole na Mbalizi. Haimfai anayetaka matokeo kabla ya mvua ijayo.

Chaguo la pili: barabara za mkoa zinazoleta mazao

*Mfuko.* TANROADS tena, ila foleni ni ndefu, kwa kuwa kila mkoa una barabara ya namna hii. Hapa nazungumzia Mbalizi hadi Shigamba kule Umalila, na Isyonje kupitia Kikondo kuelekea Makete. Zote ziko nje ya mipaka ya Jiji. Kuna atakayeuliza: diwani wa Jiji anasemeaje barabara ya wilaya nyingine?

*Wanaopita* ndio jibu. Viazi mviringo vinavyolisha soko la SIDO na Uyole, na vinavyopakiwa tena kwenda Dar es Salaam, vinashuka huko. Masika ikikolea, Fuso lenye lumbesa za viazi linazama hadi kwenye ekseli, dereva na utingo wanalala porini, na gunia likifika mjini limeongezewa gharama ya kila usiku uliolaliwa njiani. Mnunuzi wa Mwanjelwa analipa, mkulima hapati hata senti ya nyongeza hiyo. Ushuru wa soko unaingia Jijini mzigo unapofika, usipofika, hauingii.

*Usalama.* Utelezi na ukungu. Na jambo moja zito kuliko viazi: mjamzito anayepewa rufaa kutoka zahanati ya milimani kuja hospitali ya wazazi ya Meta. Kwake kilomita 50 za tope si sawa na kilomita 50 za lami, na saa zinazopotea hapo hazirudi.

*Uzee wake.* Barabara ya udongo mlimani hula fedha kila mwaka. Greda linapita Juni, mvua ya Desemba inaondoa kila kitu. Ikiwekwa lami yenye mitaro mizuri gharama inatulia, lakini kuanza ni ghali sana kwa kila kilomita kwa sababu ya kukata milima.

*Wanaoumia* ni wachache: mashamba kadhaa ya kandokando, na anayepata faida kwa kumnunulia mkulima aliyekwama kwa bei ya kutupa.

*Inamfaa* Meya anayetaka kujenga ushirika na halmashauri za jirani kwenye Bodi ya Mkoa. Akizisemea barabara zao, naye atapata wa kumsemea ya kwake. Haimfai diwani atakayeulizwa na wapiga kura kwa nini wao bado wanavaa mabuti.

Chaguo la tatu: lami ya mtaani

*Mfuko.* TARURA, pamoja na miradi ya mikopo kama TACTICS, na kabla yake mradi wa miji mikakati uliotuachia barabara tunazozitumia hadi leo. Hapa sauti ya diwani inasikika karibu zaidi, kwa sababu orodha ya vipaumbele huanzia kwenye kata. Tangu 2025 jiji lina majimbo mawili, Mbeya Mjini na Uyole, na fedha zinazogawiwa kwa jimbo zimebadili hesabu. Inafaa kujua kata yako inahesabiwa wapi kabla ya kuomba.

*Wanaopita.* Wanafunzi, bodaboda, kirikuu ya kuhamisha vyombo, jeneza linalotoka nyumbani kwenda makaburini. Idadi ya magari ni ndogo ukiilinganisha na TANZAM, na hapo ndipo barabara hizi huonewa: zikipimwa kwa magari, hazishindi kamwe. Zipimwe kwa watu.

*Usalama.* Vumbi linapungua, zahanati inafikika, bodaboda haianguki kwenye makorongo. Mwendo nao unaongezeka, na siku ya kwanza ya lami watoto bado wanacheza palepale walipozoea. Matuta na alama ziwe ndani ya mkataba, yasisubiri mtu agongwe.

*Uzee wake.* Nitasema nilichokiona. Mtaani kwetu tuliwekewa lami nzuri. Haukupita mwaka, watu wakaja kuchimba kupitisha bomba, wakaikata kutoka ukingo hadi ukingo, wakafukia kwa udongo na kuondoka. Mvua ya kwanza ilibonyeza ule udongo, ya pili ikaingia chini ya lami pande zote mbili, na leo pale pana shimo linaloweza kulaza mbuzi. Tangu hapo nawaambia wenzangu: kabla ya kushangilia greda, uliza kama mabomba na nguzo vimehamishwa. Kwa mitaa yenye mabomba mengi na mwinuko mdogo, tofali za saruji zinastahili kufikiriwa. Zinang'olewa, bomba linatengenezwa, zinarudishwa. Kwenye mteremko mkali, zege huvumilia maji kuliko lami nyembamba.

*Wanaoumia.* Kodi za nyumba hupanda, na mpangaji wa chumba kimoja ndiye anayeihisi kwanza. Kuna na waliosogeza ukuta barabarani, ambao watatakiwa kuurudisha.

*Inamfaa* kata yenye watu wengi isiyo na barabara hata moja inayopitika mwaka mzima. Haiifai kata ambayo maji yake hayajapewa njia.

Chaguo la nne: matengenezo na mitaro

*Mfuko.* Kwa sheria, fedha nyingi zaidi ziko hapa, na ndipo diwani anapopigania kidogo zaidi. Asilimia 90 ile ya Mfuko wa Barabara ni ya kazi hii: kukwangua, kuziba mashimo, kuzibua makalavati, kutengeneza sehemu korofi. Kusafisha mitaro na kuwabana wanaoijaza taka kunagusa moja kwa moja mamlaka ya Jiji, hakuhitaji kusubiri mkoa.

*Wanaopita* ni wote, wa njia zote tatu zilizotangulia.

*Usalama.* Mji huu umejengwa kwenye miguu ya milima. Mvua ikinyesha Loleza, maji yanashuka mjini yakiwa na mchanga na kasi. Nilisimama siku moja kwenye mtaro baada ya mvua ya saa moja. Ulikuwa na kina cha kufika kiunoni siku ulipojengwa. Sasa mchanga na chupa za plastiki vilikuwa vimeacha nafasi ya kiganja. Maji yalipanda juu, yakavuka barabara kama yanajua njia, yakashukia upande wa pili na kuanza kula bega la lami. Vipande vilikuwa vikidondoka kimoja kimoja, vyeusi, saizi ya mkate. Mzee mmoja pembeni yangu aliyekuwa amejikinga na mfuko wa sulfeti aliniambia, "Mwanangu, hii barabara hailiwi na magari." Sijaisahau sentensi hiyo.

Haki itendeke hapa pia. Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere liliporomoka Itezi likafunika nyumba na shule. Mtaro wa barabara usingeuzuia mlima. Jambo lile ni la nani anaruhusiwa kujenga wapi na miti gani imebaki juu, na halipaswi kuchanganywa na bajeti ya makalavati ili ionekane limeshughulikiwa.

*Uzee wake.* Wakala wa barabara wa Afrika Kusini, SANRAL, umekadiria kwamba barabara ikiachwa miaka mitatu bila matengenezo gharama ya kuikarabati hufika mara sita, na ikiachwa mitano hufika mara 18. Hata ukipunguza nusu kwa mazingira yetu, bado ni hoja nzito ya kuweka mezani.

*Wanaoumia* ni waliojenga juu ya mkondo, na watalia kwa haki kama waliuziwa viwanja hivyo kwa stakabadhi. Udhaifu mwingine wa chaguo hili ni huu: halifungui eneo jipya. Mtaa usio na barabara hauna cha kutengenezewa. Na kuna barabara zilizochoka kiasi kwamba kuziba mashimo kila mwaka ni kumwaga changarawe mtoni. Hizo zinahitaji kujengwa upya.

*Inafaa* mji ambao tayari una lami inayoanza kumeguka. Haimfai anayehitaji jiwe la msingi lenye jina lake, ingawa kwangu hiyo si sababu ya kuikataa.

Kwa hali yako

Kata yako ikiwa imekaa kwenye TANZAM, usitumie nafasi yako kuomba njia nne, maana hilo lina wasemaji wengi. Omba vivuko vyenye taa mbele ya shule, sehemu rasmi za bajaji, na orodha ya wazi ya nani ana X ya rangi gani na atalipwa lini.

Kata yako ikiwa chini ya mlima, weka mtaro kabla ya lami, hata kama wananchi wanaomba lami. Waite, wapeleke kwenye mtaro wakati wa mvua, wajionee. Mkutano unaofanyika mvuani hufupisha mabishano.

Kama ni kata mpya ya pembezoni yenye viwanja vinavyouzwa kila wiki, nguvu yote iende kwenye kutenga upana wa barabara leo, kwenye ramani, kabla ya nyumba ya kwanza. Greda moja la udongo kwenye barabara yenye upana kamili lina thamani kuliko lami kwenye kichochoro.

Meya au mjumbe anayekwenda Bodi ya Mkoa na nafasi ya kusemea jambo moja tu, asibebe barabara ya kata. Si mahali pake, itaambiwa irudi TARURA. Abebe la mchepuo au la barabara ya mazao. Kati ya hayo mawili, aangalie mwaka huo nani mwingine atakuwa mezani: wajumbe wa Rungwe na Mbeya Vijijini wakiwa tayari na Shigamba au Kikondo, awaunge mkono, na awaombe wamuunge mkono kwenye mchepuo kikao kinachofuata.

Na mwananchi uliyebaki na dakika mbili kwenye mkutano wa hadhara, uliza maswali mawili kwa jina la barabara yako: ni ya TANROADS au TARURA, na mwaka huu imepangiwa matengenezo ya aina gani? Omba jibu liandikwe kwenye muhtasari. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi, na bajeti hupikwa miezi kadhaa kabla ya hapo, hivyo swali la Novemba lina nguvu kuliko malalamiko ya Aprili wakati maji yameshafika kizingitini.